Chuo, Kitabu na Mwalimu: Historia ya Ufundishaji Mseto Kisiwani Pemba

1. Utangulizi

Neno chuo lina historia ndefu katika lugha ya Kiswahili. Katika Kiswahili cha kale, hasa katika tungo za pwani ya kaskazini, chuo ni kitabu. Utenzi wa Tambuka, ambao hati yake ya mwaka 1728 ni miongoni mwa hati kongwe kabisa za Kiswahili zilizosalia, hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali. Visiwani Unguja na Pemba, chuo, au chuoni kama wasemavyo wenyewe, ni mahali anapofunzwa mtoto kusoma Kurani. Aliyebobea katika elimu ya dini huitwa mwanachuoni. Karne ya 20 ilipoleta taasisi mpya za elimu ya juu, wasemaji wa Kiswahili hawakuhitaji kukopa neno la kuziita. Walichukua lile lile la zamani na kuliongezea sifa, likawa chuo kikuu. Hivyo neno moja likabeba maana mbili ambazo leo hudhaniwa kuwa zinapingana: maandishi yanayoweza kusafiri, na mahali ambapo watu hukutana kwa ajili ya kusoma.

Mhadhara huu unafuatilia uhusiano wa mambo hayo mawili katika historia ya elimu kisiwani Pemba. Msukumo wake ni mjadala wa miaka ya karibuni kuhusu kile kinachoitwa ufundishaji mseto, yaani ufundishaji ambao sehemu yake hufanyika mwalimu akiwapo mbele ya wanafunzi, na sehemu nyingine hufanyika mwalimu akiwa mbali, kwa njia ya maandishi, sauti au mtandao wa kompyuta. Jina hili limechaguliwa vizuri. Mseto, kama ajuavyo kila mpishi wa Visiwani, ni mchele na pojo vilivyopikwa katika chungu kimoja mpaka vikashikana. Wali katika sahani moja na pojo katika sahani ya pili si mseto. Vivyo hivyo, mihadhara ya kawaida ikiongezewa mafaili kadhaa yaliyowekwa mtandaoni si ufundishaji mseto, kwa kuwa hakuna aliyezipika sehemu hizo pamoja.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba Pemba haikuanza kufundishwa kwa mseto ilipofikiwa na kompyuta. Kisiwa hiki chenye eneo la karibu kilometa 988 za mraba, ambacho kilikuwa na wakazi zaidi ya 540,000 katika sensa ya mwaka 2022, kimetenganishwa na bara kwa mkondo wa bahari wenye kina kirefu, na kimetenganishwa na Unguja, yaliko makao ya serikali na ya taasisi zake, kwa safari ya chombo. Kwa sababu hiyo elimu nyingi iliyofika Pemba ilifika ikiwa nusu yake imo ndani ya kitabu, gazeti, redio au bahasha. Nusu ya pili ilimtegemea mwalimu aliyekuwapo. Swali la kihistoria, basi, si kama elimu iliweza kuvuka bahari. Swali ni kama mwalimu aliyeipokea alisaidiwa kuwa msanifu wa somo lake, au aliachwa kuwa mpokeaji wa mzigo tu.

2. Chuoni na Darsani

Mfumo wa kwanza wa mseto unaojulikana kisiwani ni ule wa chuoni na darsani. Mtoto alianza kwa ubao, kalamu ya unyasi na wino, akaandikiwa herufi, akazitamka mbele ya mwalimu, akafuta na kuandikiwa nyingine. Kisha akaendelea na juzuu mpaka akahitimu. Wachache waliotaka kuendelea walikwenda kwa masheikh na kuingia katika darsa, ambako vitabu vilisomwa kwa daraja. Katika fikihi ya madhehebu ya Shafi, yaliyoenea zaidi mwambao huu, mwanafunzi alianza kwa kawaida na kitabu kidogo cha Safina, na baada ya miaka alifikia Minhaji ya Imamu Nawawi. Katika sarufi ya Kiarabu alianza na Ajurumia, akapanda mpaka Alfia ya Ibn Malik.

Mtu anayelitazama darsa kwa haraka huona kukariri tu. Akilitazama kwa makini zaidi huona usanifu. Vitabu vilipangwa kutoka chepesi hadi kigumu. Kila kitabu kilikuwa kifupi kiasi cha kuweza kunakiliwa na kubebwa, na mwanafunzi alitarajiwa kukipitia peke yake kabla na baada ya kikao. Kikao chenyewe kilitumika kwa kazi ambayo kitabu hakiwezi kuifanya: sheikh alisoma sentensi ya Kiarabu, akaifasiri kwa Kiswahili, akaifafanua kwa mifano ya mashambani na baharini, akaulizwa na kujibu. Mwisho mwanafunzi alipewa ijaza, yaani ruhusa ya kukifundisha kitabu hicho, na ruhusa hiyo ilimtaja mwalimu wake na walimu wa mwalimu wake. Kitabu kilitoka Hadhramaut, Misri au Makka. Mwenye kukifanya kiwe somo alikuwa mtu wa Wete, Chake Chake au Mkoani.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba ijaza haikuthibitisha kujua tu. Ilithibitisha uwezo wa kufundisha. Mfumo huu ulijua kwamba kitabu kinachosafiri bila mtu aliyeandaliwa kukifundisha ni mzigo. Udhaifu wake ulikuwa mwingine: ulipokea wachache, na kwa kawaida wanawake walibaki katika hatua zake za mwanzo.

3. Shule ya Serikali na Jarida la Walimu

Shule ya kwanza ya serikali mjini Zanzibar ilifunguliwa mwanzoni mwa karne ya 20, na baada ya hapo shule zilianza kusambaa polepole mashamba, Unguja na Pemba. Katika miaka ya 1920 na 1930 wazazi wengi wa mashamba walisita kuwapeleka watoto wao, mpaka serikali ilipokubali kuipa Kurani nafasi katika ratiba. Kusita huko hakukuwa ujinga. Wazazi waliitambua shule kuwa mahali pasipo na kitabu wanachokijua wala mwalimu wanayemwamini.

Kwa Pemba tatizo la pili lilikuwa upweke wa mwalimu. Kijana aliyefunzwa ualimu mjini Zanzibar alipangiwa kijiji cha mbali, akiwa peke yake au na mwenzake mmoja, bila maktaba. Idara ya Elimu ilijibu tatizo hilo kwa njia ambayo leo ingeitwa msaada wa kitaaluma kutoka mbali. Mwaka 1927 lilianza kutolewa jarida la Kiswahili lililojulikana kwa jina la Mazungumzo ya Walimu wa Unguja. Jina lake linastahili kutazamwa. Halikuitwa maagizo wala maelekezo, liliitwa mazungumzo. Walimu walisoma humo mambo ya kazi yao, na wao wenyewe waliandika humo kuhusu ufundishaji, historia, desturi na lugha. Mwalimu wa shamba aliyezoea kupokea waraka alipata nafasi ya kujibu.

Hata hivyo jina hilo hilo lina funzo la pili. Lilikuwa jarida la walimu wa Unguja, na Pemba iliingia ndani yake kama sehemu isiyotajwa. Wakati huo huo lugha ya vitabu ilikuwa inawekewa mipaka. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasimamia vitabu vya shule kwa kipimo hicho. Tangu hapo mwalimu wa Pemba alikuwa na kazi ya ziada ambayo hakuna silabasi iliyoiandika: kuwavusha watoto kutoka Kipemba cha nyumbani hadi Kiswahili cha kitabuni, bila kuwafanya waione lugha ya wazazi wao kuwa kosa.

4. Redio, Posta na Vituo vya Walimu

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, serikali ilitangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba mwaka huo huo. Idadi ya wanafunzi iliongezeka, ilhali walimu wengi wenye uzoefu walikuwa wameondoka Visiwani. Pengo hilo lilizibwa na vijana ambao wengi wao walifundisha kabla hawajafunzwa kufundisha. Mahitaji ya kumsaidia mwalimu akiwa kazini yalikuwa makubwa kuliko wakati wowote kabla ya hapo.

Katika kipindi hicho Tanzania Bara ilitoa mfano ulioangaliwa na ulimwengu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kila kikundi kilikuwa na vitu vitatu: kipindi cha redio, kijitabu, na kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi. Baada ya kusikiliza, kikundi kilijadili na kuamua la kufanya, kama vile kuchimba choo au kufyeka vichaka. Redio peke yake ingesikika na kupita. Kilichoigeuza kuwa somo ni makumi ya maelfu ya viongozi wa vikundi waliofunzwa mapema namna ya kuliendesha jambo moja kwa saa moja.

Zanzibar ilikuja kutumia mantiki ya namna hiyo kwa watoto. Katika nusu ya pili ya miaka ya 2000, mradi uliojulikana kwa kifupi RISE ulitayarisha vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wa maandalizi na wa darasa la kwanza, Unguja na Pemba. Sauti ya redio iliuliza, ikanyamaza, watoto wakajibu, na mtu mzima aliyekuwa nao akaongoza mchezo. Ule ukimya wa sekunde chache uliopangwa ndani ya kipindi ni usanifu wa somo katika hali yake iliyo wazi kabisa: mtayarishaji aliyekaa studio alimwachia nafasi mtu asiyemwona.

Taasisi iliyoleta mabadiliko ya kudumu zaidi ilikuwa ya kimyakimya. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 vilianza kujengwa vituo vya walimu, na Pemba ikapata vyake: Mitiulaya huko Wete, Michakaeni huko Chake Chake, Mizingani huko Mkoani na Wingwi huko Micheweni. Mwalimu aliweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, akakutana na wenzake wa somo lake, akatengeneza zana na kujiendeleza kwa masomo ya masafa. Kwa mara ya kwanza msaada kwa mwalimu ulikuwa na anwani ndani ya kisiwa, na haukusubiri chombo kutoka Unguja.

5. Chuo Kikuu Huria Chavuka Bahari

Hadi miaka ya 1990, kijana au mtu mzima wa Pemba aliyetaka shahada alilazimika kuhama kisiwa. Kwa mwalimu mwenye familia na shamba, na zaidi kwa mwanamke aliyeolewa, sharti hilo mara nyingi lilikuwa sawa na kukataliwa. Kamati iliyoongozwa na Nicholas Kuhanga ilitoa taarifa yake mwaka 1990 na kupendekeza kuanzishwa kwa chuo kikuu kitakachofundisha kwa masafa. Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 ilikiunda Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na wanafunzi wa kwanza walianza masomo mwaka 1994. Pemba ni miongoni mwa sehemu zilizopata kituo cha chuo hicho.

Maana yake kwa kisiwa ilikuwa kubwa. Chuo kilirudi kuwa kitabu kama katika Kiswahili cha kale: moduli iliyopigwa chapa ilimfuata mwanafunzi alipo, naye akakutana na walimu katika vipindi maalumu vya ana kwa ana na katika mitihani. Lakini mfumo huo ulifichua ugumu ambao vyuo vikuu vya kawaida vilikuwa vimeuficha. Mhadhiri anayezungumza darasani huona uso uliokunjamana, akarudia. Mwandishi wa moduli hauoni uso huo. Anapaswa kukisia mapema ni wapi msomaji aliyeko Konde au Kengeja, akisoma usiku baada ya kazi, atakwama, na kumwekea hapo swali, mfano au zoezi. Hiyo ni taaluma yenyewe, na shahada ya uzamivu katika historia au isimu haimpi mtu taaluma hiyo. Hapa ndipo chuo kikuu kilipoanza kukabiliwa na swali ambalo darsa lilikuwa limelijibu kwa ijaza: nani humfunza mwalimu wa chuo kikuu kufundisha?

6. Chuo Kikuu cha Taifa, Umeme na Mtandao

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiliundwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999 na kuanza kufundisha mapema katika miaka ya 2000. Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, iliyoanzishwa mwaka 1978, ikawa sehemu yake, na mwaka 2016 taasisi nyingine za elimu ya juu za serikali ziliunganishwa nacho. Kwa upande wa Pemba, chuo hicho kina kampasi Mchangamdogo, Wilaya ya Wete. Hivyo swali la bahari liliingia ndani ya chuo kimoja: kozi moja, shahada moja, visiwa viwili.

Kabla ya kuzungumzia mtandao ni lazima kuzungumzia umeme. Hadi mwaka 2010 Pemba iliwashwa kwa majenereta ya dizeli. Mwaka huo waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na Norway, ulikiunganisha kisiwa na gridi ya taifa. Mwaka uliofuata, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ilizama karibu na Nungwi, na mamia ya watu walipoteza maisha. Matukio hayo mawili hayana uhusiano wa sababu, lakini yanaonyesha kwa pamoja uzito wa suala lenyewe. Unapoulizwa kwa nini elimu ivuke bahari kwa waya, sehemu ya jibu ni kwamba watu waliovuka kwa vyombo wamelipa gharama isiyoweza kurudishwa.

Katika mwaka huo huo wa 2011 ulianza mpango wa Denmark wa kuviimarisha vyuo vikuu katika nchi zinazoendelea, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilikuwa miongoni mwa washiriki wake. Sehemu ya kazi ya mpango huo ilikuwa kuwafunza wahadhiri ufundishaji unaoanzia katika tatizo, na matumizi ya mfumo wa kusimamia masomo kwa kompyuta. Jambo jipya halikuwa kompyuta. Jambo jipya lilikuwa kukiri kwamba mhadhiri naye ni mwanafunzi wa kazi yake: kwamba anahitaji muda, wenzake, na mtu wa kumwonyesha namna ya kuanza na lengo la somo, kuchagua kipimo kinacholingana na lengo hilo, na kisha kuamua lipi lifanyike ana kwa ana na lipi mwanafunzi alifanye peke yake.

Mfumo wa kompyuta uliotumika zaidi katika vyuo vya namna hii ni Moodle. Ulianza kutolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, ambaye alikulia katika makazi ya jangwani na kupata masomo yake ya utotoni kwa redio na vifurushi, kwa kuwa shule ilikuwa mbali mno. Chombo hicho, basi, kilibuniwa na mtu aliyeujua umbali. Lakini chombo hakijui kusafiri bila nahodha. Mfumo ule ule unaweza kubeba mjadala, zoezi lenye mrejesho na kazi ya kikundi cha wanafunzi wa Unguja na Pemba. Unaweza pia kugeuzwa ghala la mafaili.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 2020. Vyuo vilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya UVIKO-19 na kufunguliwa tena tarehe 1 Juni. Katika majuma hayo yasiyozidi 11 ilidhihirika kwamba usanifu wa kozi haufanywi kwa dharura. Mhadhiri aliyekuwa ameandaliwa kabla ya hapo alikuwa na pa kuanzia. Asiyeandaliwa hakuweza kuandaliwa kwa waraka.

7. Kozi Iliyosanifiwa Kisiwani

Faida ya kumsaidia mhadhiri kuwa msanifu inaonekana vizuri zaidi katika somo la Kiswahili lenyewe. Mwaka 2011 kilichapishwa kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba: Kamange na Sarahani, kilichokusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy na kuhaririwa na Abdilatif Abdalla. Kwa miaka mingi tungo za washairi hao wawili zilikuwa zimehifadhiwa vifuani na katika hati za watu binafsi. Mhadhiri anayepokea kozi iliyokwisha kupangwa mahali pengine atakitaja kitabu hicho katika orodha ya usomaji. Mhadhiri anayejua kusanifu anaweza kukifanya kiini cha kozi: wanafunzi wasome shairi nyumbani, waende kwa wazee wa vijijini mwao kuuliza maana ya msamiati uliopotea, warekodi kwa simu, waweke sauti hizo mtandaoni ili wenzao wa Unguja wazisikie, kisha wakutane darasani kuhojiana juu ya tafsiri zinazotofautiana.

Ndivyo ilivyo kwa kozi ya lahaja. Usemi wa Pemba haulingani kutoka Micheweni hadi Mkoani, na Kojani una ladha yake. Mwanafunzi wa Mchangamdogo anazungukwa na data ambayo mwenzake wa ng'ambo huisoma kitabuni. Katika kozi ya namna hiyo kisiwa hakiwi mwisho wa njia, kinakuwa chanzo. Kipemba, kilichoachwa nje ya kitabu cha shule tangu mwaka 1928, kinaingia chuoni kwa mlango wa mbele.

Lipo pia suala la lugha ya msaada wenyewe. Isipokuwa katika masomo ya Kiswahili, vyuo vikuu vya Tanzania hufundisha kwa Kiingereza, na miongozo mingi ya usanifu wa kozi imeandikwa kwa lugha hiyo. Mazungumzo ya Walimu yalithibitisha tangu mwaka 1927 kwamba mambo ya ufundishaji yanaweza kujadiliwa na walimu kwa Kiswahili. Istilahi zipo au zinaweza kuundwa: lengo la somo, kipimo, mrejesho, usanifu, mseto. Kinachokosekana ni matumizi, na istilahi isiyotumiwa haikomai.

8. Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaanzia kwenye ubao wa chuoni na kufikia skrini ya simu, na katika kila hatua yake linajirudia jambo moja. Darsa lilidumu kwa sababu lilimwandaa mwenye kufundisha na kumpa ruhusa inayojulikana. Jarida la mwaka 1927 lilifaa kwa sababu lilimruhusu mwalimu kujibu. Redio ilifundisha pale ilipoacha nafasi kwa mtu aliyekuwapo. Vituo vya walimu vilikubalika kwa sababu vilikuwa ndani ya kisiwa. Moduli ya Chuo Kikuu Huria na kozi ya mtandaoni hupimwa kwa kipimo hicho hicho.

Kwa hiyo anayepanga bajeti ya elimu ya juu kwa Pemba anapaswa kuhesabu, pamoja na kompyuta na waya, saa za mhadhiri za kusanifu, wenzake wa kushauriana nao, na kituo cha msaada kilichopo kisiwani chenye watu wa kudumu. Vifaa huchakaa baada ya miaka michache. Mwalimu aliyefunzwa kusanifu somo huwafunza wengine, kama ijaza ilivyopokezanwa kutoka kwa sheikh hadi kwa mwanafunzi wake. Kiswahili kililijua hilo kabla ya mipango yote hii, pale kilipoliacha neno chuo libebe kitabu na mahali kwa pamoja. Anayeviunganisha viwili hivyo ni mwalimu, na ndiye wa kuanza kusaidiwa.